Siku Nilipokunywa Utafiti Wangu

Ndugu zangu, chekeni mmalize kabisa, maana aibu hii niliimeza mimi mwenyewe, mbele ya foleni nzima ya kizuizi cha askari barabarani, pale karibu na Nyabiondo.

Enzi hizo za vita nilikuwa mtu mkubwa sana, yaani msaidizi wa maabara huko Goma, nikatumwa kuchota maji ya shimo ambamo mama zetu hulowekea mihogo hadi ilainike. Maji yapelekwe Ulaya, mashine zisome jeni zote za vijidudu vilivyomo, ili viwanda vijue namna ya kuvitumikisha vigeuze maganda ya mihogo kuwa mafuta ya gari. Profesa aliniahidi kwamba maji yakifika salama, na mimi naenda nayo Ulaya. Basi nikawa natembea kifua mbele, hata mbuzi nilitaka wanipishe.

Sasa, sanduku la maabara lilikuwa jeupe, limefungwa vizuri, na askari wakiona kitu kama hicho wanadhani ni dhahabu ya machimbo ya Omate. Kwa akili zangu nyingi nikayamimina maji kwenye bidon, lile dumu la njano la plastiki, nikaiziba kwa jani la mgomba, ikawa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya kupendeza kabisa. Nani angesumbua pombe? (Ndiyo, nilijiuliza hivyo, nikielekea kwa askari wenye kiu.)

Pale kizuizini kamanda wao akachomoa jani, akanusa, akarudi nyuma.

“Hii iko kasiksi ya namna gani?”

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, “Imekomaa kidogo, Chef.”

“Basi kunywa. Mwenye kuleta njo anaonja wa kwanza. Ukikataa, iko sumu, na muntu wa sumu hapa hapite.”

Nyuma yangu, juu ya magunia yake ya maharagwe, Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo tuliyesali naye parokia moja, akapaza sauti: “Kunywa, Docteur! Usitupatishe aibu!”

Nikanywa. Kulikuwa na uchachu, matope, na kitu kama soksi. Nilihesabu kwamba nimeshinda, kumbe tumbo lilikuwa na maoni yake, likayatoa yote juu ya buti za kamanda. Hapo nikaungama kila kitu kwa pumzi moja, vijidudu, jeni, mafuta, Profesa.

Kamanda akafikiri. “Na ile kiwanda, watajenga hapa?”

“Ulaya, Chef.”

“Sisi tunabakia na harufu,” akadakia Mama Kahindo. Foleni ikacheka, kamanda naye akacheka, akaimwaga bidon yote barabarani na kuniachia uhai wangu, jambo ambalo siku zile halikuwa dogo.

Kurudi kuchota mengine hakukuwezekana, mapigano yalifunga njia.

“Maji iko wapi?” Profesa akauliza nilipofika Goma mikono mitupu.

“Ingine ilimwangika, Professeur. Ingine nilikunywa.”

Hakunigombeza. Alinitazama tumbo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama tangu hapo nimeshaenda chooni.

Ulaya alikwenda mwenzangu wa maabara, aliyepeleka matope ya machinjio ya Goma yenye vijidudu vyake badala ya maji yangu, akaniletea kalenda yenye picha za theluji. Mimi nimeapa: mzigo wangu nitautaja kwa jina lake, hata ukinuka.