Mpuliza Funguo

Hakuna ufunguo uliowahi kuingia kwenye mfuko wa shati lake bila kupulizwa kwanza. Alikuwa fundi vitasa, na chenga za shaba zikibaki kwenye meno ya ufunguo mpya hukwamisha kitasa. Ndiyo maana mafundi hupuliza. Yeye lakini alipuliza hata funguo zilizochakaa kwa kushikwa: wa kabati la vyombo, wa chooni, wa baiskeli. Fuu, kisha mfukoni. Mkewe alipenda kumtania kwamba siku ya harusi yao nusura aipulize na pete.

Kibanda chake kilibanana kati ya fundi viatu na duka la dawa. Ndani mlikuwa na meza, jiriwa ya kubania vyuma iliyofungwa ukingoni, tupa za kila unene, na funguo zisizochongwa zikining'inia misumarini. Mtaa ulimwita Kufuli, na si kwa sababu ya kazi tu. Ukimuuliza habari za ukoo alichukua tupa akaanza kusugua, mpaka ukachoka mwenyewe ukaondoka.

Mwalimu mmoja wa jiografia, binti wa marehemu kaka yake, hakuwahi kumuuliza. Alichotaka kujua alikiona kwa macho yake akiwa darasa la tatu. Baada ya baba yake kuzikwa, baba mkubwa alitamka kwamba nyumba inarudi kwa ukoo, akamwita mdogo wake mwenye ufundi aje kubadilisha kitasa. Mtoto alisimama nje na mama yake, godoro limekunjwa miguuni pao. Akamtazama baba mdogo aking'oa kitasa cha zamani, akitia kipya, akikijaribu, akiupuliza ufunguo na kumkabidhi kaka yake. Hakuinua uso.

Jioni ileile baba mdogo aliwachukua akawaweka chumba cha uani kwake. Humo ndimo mama yake alimouguzwa hadi kufa, na humo ndimo yeye alimosomea hadi chuo. Aliitika "abee, baba mdogo" miaka yote hiyo, akala, akashiba, akacheka. Donge halikuyeyuka.

Donge hilo ndilo lililoandika riwaya yake ya kwanza. Mji wenye kuta saba unateketezwa kwa sababu mtunza funguo amewafungulia maadui lango. Msichana mmoja anaponea kisimani, anajipa jina la Kipanga, anafundishwa upanga na wajane wa milimani, anavuka jangwa la chumvi na kupigana na mijusi mikubwa kama nyumba. Mwisho anamkuta mtunza funguo juu ya mnara. Mzee anaupuliza ufunguo wake kwa mara ya mwisho, na upanga unamwingia. Mwalimu aliandika ukurasa huo bila kuinuka kitini, na alipomaliza alifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumnyima usingizi.

Maana kitabu kilipendwa. Siku moja alipita kwa fundi viatu akakuta watoto wana panga za vijiti. Mmoja alipuliza kipande cha waya, wenzake wakamrukia.

"Mwalimu," fundi viatu alisema, sindano mdomoni, "huyo mtunza funguo wako mbona kama namjua?"

"Ni hadithi tu, fundi."

"Haya, hadithi. Ila ukiandika nyingine, mimi nipe farasi. Nimechoka kutembea."

"Baba mdogo amekisoma?"

"Kwa macho gani? Hata kibao cha duka la dawa hakioni."

Ni kweli, mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili, na Kufuli sasa alichonga kwa vidole. Mwalimu alipumua. Lakini juma lilelile mzee alimwambia, "Mama, njoo unisomee hicho kitabu. Mtaa mzima wanakijua, nimebaki mimi."

Akawa anapita kibandani akitoka shuleni. Mzee alikuwa msikilizaji msumbufu.

"Huyo farasi anakula lini? Sura nne anakimbia tu."

"Wa hadithini hali, baba mdogo."

"Basi si farasi, ni pikipiki."

Walicheka wote wawili. Kisha mtunza funguo akaingia hadithini, na mwalimu, jasho likimtoka kwapani, akasoma ambacho hakikuandikwa: mtunza funguo akajikuna sikio badala ya kupuliza, akautia ufunguo kibindoni. Tupa ya Kufuli ilisimama kidogo, ikaendelea. Tangu hapo kila kupuliza kukawa kujikuna. Walipofika mnarani macho ya mwalimu yaliuona upanga ukizama kifuani, na mdomo wake ukamtorosha mtunza funguo kwa ngazi za nyuma.

"Akakimbia?" Kufuli aliuliza.

"Akakimbia."

"Na Kipanga akamwacha hivihivi, na hasira zote zile?"

"Alimwonea huruma."

Kufuli aliiweka tupa mezani. "Mama yako mdogo alinisomea chote kilipotoka tu. Na hawa watoto wananiua hapo nje kila siku."

Mwalimu alikifunga kitabu. "Nisamehe."

"Nilitaka nikisikie kwa sauti yako, usiku nisiwe najiuliza ungekisomaje." Aliipapasa jiriwa, akaifungua, akaifunga tena. "Siku ile ningeweza kusema kitasa hakiingii. Ningesema mlango umepinda. Nani angenibishia? Pale fundi nilikuwa mimi peke yangu. Kaka angetafuta mwingine, na mama yako angepata siku mbili tatu za kujipanga."

"Baba mdogo, yameisha."

"Ngoja. Kiliingia vizuri. Nikakijaribu, kikazunguka bila kukwama, na mimi moyoni nikafurahi. Nyinyi mmesimama pale na godoro, mimi nafurahia kitasa."

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba furaha ya namna hiyo anaijua, ameionja juu ya mnara. Hakumwambia. Alimsaidia kukusanya tupa, wakafunga kibanda, mzee akaupuliza ufunguo kama kawaida na kuutia mfukoni. Walitembea mpaka mlangoni kwake, mwalimu amemshika mkono.

Alfajiri mama mdogo alipiga simu. Kufuli alikuwa ameanguka, na hakuzinduka tena. Hospitalini mwalimu alikaa kando ya kitanda chake na kitabu mkobani, akashindwa kukitoa. Alichobaki nacho ni kile alichoambiwa jioni ile pale mlangoni, mzee akiwa ameshaingia nusu mwili, sauti ya kawaida kabisa, kama anayekumbusha kitu cha dukani:

"Kesho uje uirudie ile sura ya mnarani. Safari hii soma kilichoandikwa, usimwache akimbie."