Siku Niliyopiga Sinema Bila Filamu

Mwanangu, ipo siku moja ya kijijini Maretadu, kule Mbulu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mpiga picha za sinema serikalini, nimeshazunguka na kamera karibu nchi nzima, na sitakuficha, kichwa kilikuwa kimevimba.

Nikapangiwa kazi na mwongozaji mpya, Festo, kijana aliyetoka chuoni, hajawahi kutengeneza sinema hata moja. Adabu alikuwa nayo. Kila asubuhi, "Shikamoo, kaka." Lakini siku ya pili tu alinikosoa mbele ya wanakijiji, kwamba nimechelewa kuwasha kamera. Kweli nilichelewa, ila iliniuma. Tangu hapo nikaamua moyoni: atajua mwenyewe.

Siku ya tatu tulikwenda kwa Mzee Tluway na mkewe, Mama Paulina. Walikuwa wanaiaga nyumba yao ya zamani, mojawapo ya zile nyumba zetu za asili zilizochimbwa kwenye mteremko na kuezekwa kwa udongo. Ilikuwa ibomolewe siku hiyohiyo, miti yake ikajengee kijijini. Mama alikuwa mgonjwa, hasimami bila kushikwa. Mzee alikuwa na ombi moja.

"Wajukuu wamuone bibi yao mlangoni kwake," alisema. "Mimi picha yake sina hata moja."

Asubuhi ile Festo aliimaliza filamu kwenye ngoma na hotuba. Kila aliposema "piga," nilipiga. Kipimo cha filamu iliyobaki kiko pembeni mwa kamera, nakisoma mimi. Niliona filamu inakwisha, na nilijua nyingine tumeiacha Mbulu mjini. Festo hakujua hata pa kutazama. Neno moja la kumnong'oneza lingetosha. Nilinyamaza, nikingoja aaibike.

Mchana wale wazee wakatoka, Mama amejifunga shuka jipya, wakasimama mlangoni, Mzee amemshika. Filamu ilikuwa imekwisha kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Kusema mbele ya watu wote wale niliona aibu, basi nikaiwasha kamera tupu, ikanguruma, nami nimeweka jicho, najifanya nafanya kazi. Mama alijitahidi akatabasamu. Festo akanishukuru. Kisha vijana wakapanda juu, wakaanza kuondoa udongo wa paa.

Filamu ilipotoka kusafishwa maabara bila kipande kile, Festo alidhani kimeharibikia hukohuko. Nikamwacha aamini hivyo.

Miezi ilipita, tukarudi Maretadu kuonyesha sinema. Tuliionyesha mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama Paulina alikuwa ameshazikwa. Mzee alikaa mbele kabisa na wajukuu wake. Zikaja ngoma, zikaja hotuba, ikaisha.

Festo akasimama mbele ya Mzee Tluway. "Mzee, nisamehe. Picha ya Mama haikutoka. Mimi ndiye mkuu wa kazi, kosa ni langu."

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema yote, palepale, mbele ya watu walewale.

Mzee alinigeukia. "Kumbe ulijua," alisema. "Ungesema tu. Nyumba ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyekuwa naibomoa. Tungengoja mpaka kesho, hata kesho kutwa. Mama alikuwa bado yupo."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alimshika mjukuu mkono, wakaondoka. Festo naye aliendelea kuniamkia kila asubuhi, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la kazi. Tulimaliza mwaka hivyo.

Nimekueleza haya kwa sababu na wewe sasa unaijua kazi yako, na ipo siku utawekwa chini ya mtu asiyeijua. Usifurahie kumwona anakosea. Mwite pembeni, umwambie mapema. Asiposikia, mwambie tena. Akikukosoa mbele za watu, meza, halafu kazi iendelee. Ukinyamaza ili umkomoe, yeye anaweza asiumie hata kidogo. Ataumia mtu ambaye hakukukosea lolote, na huyo hutakuwa na cha kumrudishia. Mimi nimezeeka bila kukipata.

Mungu akulinde na kiburi cha ujuzi, mwanangu. Akupe ujasiri wa kusema wakati kusema bado kunasaidia, na watu uliowatumikia wakikumbuka jina lako, walitaje kwa amani.