Verna na Nahodha Aliyebadilishwa Wakati wa Chakula

Verna Prokopchuk aliendesha basi la shule hapa Drayton Creek kwa miaka ishirini na saba, na hakuna siku aliyomwacha mtoto kituoni, hata baridi iwe kali kiasi gani. Ni mjane, hakujaliwa kuzaa, lakini nyumba yake haijawahi kukosa viatu vikubwa mlangoni. Klabu yetu ya hoki ya barafuni, Bweha, huchezesha vijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini wanaotoka mbali, nao huishi kwenye nyumba za watu wa mji. Keegan Thorvaldson alikuwa wa tisa kulelewa na Verna.

Alikuja kutoka mkoa wa Manitoba ana miaka kumi na sita, mrefu kama nguzo ya umeme, hajui hata kukaanga yai. Msimu ule tulifungwa mechi arobaini na nane. Darrel Fehr, meneja mkuu, alisimama mbele yetu wanachama, maana klabu ni mali ya mji, akasema tunajenga timu upya na Keegan ndiye jiwe la msingi. Tulipiga makofi. Timu nyingine zikamnong'oneza kijana aombe kuhama, akakataa. Msimu wa pili tukafungwa tena, naye akabaki. Wa tatu akapewa unahodha, na kufikia Januari tulikuwa nafasi ya sita. Watu walianza kuja uwanjani na wajukuu.

Siku ya mwisho ambayo klabu huruhusiwa kubadilishana wachezaji msimu huo, Keegan alikuwa mezani kwa Verna anakula perogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kabla ya kurudi darasani. Simu ikalia.

"Sawa," alisema Keegan. "Sawa. Asante."

"Asante ya nini?" Verna akauliza.

"Nimebadilishwa, mama. Natakiwa Alberta kesho."

"Klabu imepewa nani badala yako?"

"Hakuna mtu. Wamepewa nafasi mbili za kuchagua vijana miaka ijayo. Huyo atakayechaguliwa kwa nafasi ya pili nadhani sasa hivi ana miaka kumi na miwili."

Verna alitoka na aproni yake, akavaa koti juu, akaendesha gari hadi uwanjani. Mimi nilikuwa pale nanoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, kazi yangu ya siku zote, na mlango wa ofisi ulibaki wazi. Nilisikia kila neno.

"Darrel, ulituambia jiwe la msingi. Nani anajenga nyumba kwa kung'oa msingi?"

"Verna, nisikilize. Miaka miwili tu umri wake unapita, anaondoka, tunabaki mikono mitupu. Nikimtoa leo napata kitu. Kombe halitakuja mwaka huu."

"Nani alikuomba kombe mwaka huu? Mtihani wake wa hesabu ni wiki mbili zijazo!"

"Alberta nako kuna shule."

"Na umemwambia kwa simu. Kutoka hapa hadi kwangu ni dakika nne."

"Nilikuwa na simu kumi na moja za kupiga, mama."

"Usiniite mama. Kumi zingesubiri."

Hesabu ya Darrel haikuwa ya mjinga, nakiri. Timu nyingi hufanya hivyo na baadhi hufaulu. Lakini kijana aliyekataa kutukimbia tulipokuwa tunazomewa kila mji, tukamfukuza siku tulipoanza kunusa ushindi! Niliinama kwenye jiwe la kunolea nikaona aibu, kana kwamba ni mimi niliyempigia.

Tiketi ya basi iliyoletwa na klabu Verna aliirudisha. Alimpeleka Keegan mwenyewe, saa nane za barabara yenye theluji. Aliniambia baadaye kwamba walipovuka mpaka wa mkoa kijana alimgeukia. Kisha akasema, "Mimi ningekaa hata bila kombe." Huko walikofika alimkabidhi mwenyeji mpya kasha la perogi zilizogandishwa, akamwambia, "Usimwashie taa kumwamsha. Mwite tu jina."

Nahodha alipoondoka tulipoteza mechi kumi na moja mfululizo. Hao wachezaji wadogo tuliokuwa "tunawajengea" walipigwa kama ngoma. Beki mmoja, Rylan Kowalchuk, kila akikosea aligeuka kutazama benchi akimtafuta mtu wa kumwambia afanyeje. Hakukuwa na mtu. Na Keegan? Alifeli hesabu, akarudia mwaka mzima.

Juni, kwenye mkutano mkuu, Verna alishika kipaza sauti akatoa hoja tatu: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asibadilishwe kabla ya mitihani, nahodha asitolewe bila ridhaa yake, na meneja ampe mchezaji habari uso kwa uso.

Lyle, muuza matrekta, akapaza sauti kutoka nyuma: "Verna, hii ni hoki, si chekechea!"

"Chekechea hawamtupi mtoto katikati ya muhula, Lyle. Kaa chini."

Ukumbi ukacheka, lakini kicheko si kura. Hoja ya nahodha ilianguka kwa tofauti ya kura tisa. Nyingine mbili zilipita. Darrel alinyanyua mkono kuziunga, pengine akidhani hazitamgharimu kitu.

Rylan alihamia kwa Verna msimu uliofuata, akakua, akawa beki wetu bora. Januari, siku ileile ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Darrel alibisha mlango wa Verna, kofia mkononi. Ile nafasi ya mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshaibadilisha tena kwa kitu kingine. Sasa alimfuata Rylan, ambaye mwaka wake wa mwisho wa shule ulikuwa bado, ampe habari uso kwa uso kama tulivyopitisha.

Verna alimwonyesha kiti, hakumpa kahawa. Darrel akasema alichokuja kusema, kwamba Rylan naye amebadilishwa, akitazama meza.

"Nimekosa nini?" Rylan akauliza.

Darrel akamgeukia Verna.

"Usinitazame mimi," Verna akamwambia. "Aliyekuuliza ni huyo."

"Hukukosa kitu, mwanangu," Darrel akasema. Alikaa pale karibu saa nzima, akimtafutia kijana maneno mengine, asiyapate.