Sufuria ya Bibi, Ufukweni Qurum

Juzi, ufukweni Qurum, huku ughaibuni, harufu ya mishkaki na ukwaju ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni. Bibi alikuwa amenilisha muhogo wa nazi tuliotoka nao nyumbani, na mishkaki ya moto tuliyonunua nyuma ya hoteli. Kila siku alikuwa akiniambia, "Kwetu Unguja ni ng'ambo tu ya maji haya."

Tulipokwisha kula alivua viatu, akaingia baharini na sufuria tupu ya ule muhogo. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni, wala hakugeuka. Niliamini anakwenda kwao bila mimi. Nililia mpaka sauti ikanikauka, ndipo akarudi, buibui limemganda mwilini.

"Nnakosha sufuria tu, mwanangu."

Nilimwamini miaka mingi. Sasa najua sufuria haikoshwi kwenye maji ya kiunoni.