Kuku wa Mavuno

Binti yangu alipopata nafasi ya chuo kikuu, niliwatangazia watu wa mtaa wetu wa Msamala kwamba anakwenda kusomea biashara. Sikukusudia kudanganya. Barua ya kumkubali kutoka chuoni Dar es Salaam ilitaja jina refu la somo lake, nikalisoma mara mbili, na nilichoelewa humo ni neno "masoko". Kwangu mimi masoko ni biashara. Maneno mengine niliyaacha humo humo kwenye bahasha.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kutuingia. Ushirika, ambako nilikuwa karani wa mizani ya tumbaku, ulikuwa umebaki jengo na mlinzi. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao na mizani yao, na sisi makarani tukaambiwa tukapumzike. Nilichopewa siku ya kuagwa nilifungulia duka lenye upana wa mlango na nusu, na ukutani nikaandika kwa rangi nyekundu: BEI NI BEI. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nikajiona ndiye mtu wa pekee mjini Songea aliyekwisha kuelewa jinsi dunia ilivyogeuka.

Barazani kwangu alikuwepo fundi cherehani, Mbena wa Njombe. Sisi Wangoni na wao ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote. Siku niliyomaliza kuandika yale maneno alisimamisha mashine yake, akayatazama kwa muda, akauliza kama ni jina la duka au ni kaburi la mtu. Nilimwambia atazame nguo za watu asije akashona mikono mitatu.

Mwisho wa mwaka wake wa kwanza binti yangu alirudi likizo ndefu, na kwa sababu ya tangazo langu watu wakaanza kuja na shida zao za biashara. Mzee mmoja alishuka kutoka Matogoro kutaka kujua kama auze maharage yake sasa au asubiri. Mama muuza maandazi alitaka kujua kwa nini mwenzake wa ng'ambo ya barabara humaliza mapema kila siku. Binti aliwapokea wote kwa shikamoo na kigoda, kisha badala ya kuwajibu akawa anawauliza: huwa unamuuzia nani, huyo mtu mnajuana vipi, siku ukifiwa huwa anakuja? Mzee wa Matogoro alipoondoka alinivuta pembeni akanong'ona kwamba mtoto ana heshima, ila anauliza maswali kama mshenga.

Jioni hiyo nilimwita tuzungumze. Binti huyu amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo humwita mama, hata ninapomgombeza. Nilimwambia, mama, hebu nieleze vizuri unasoma nini huko. Akanieleza. Alisema wanasoma jinsi mila za watu na masoko yao yanavyoingiliana: namna desturi inavyopanga nani anamuuzia nani, na namna soko nalo linavyorudi kuibadilisha desturi. Akanitolea mfano wa kazi yangu ya zamani, ya tumbaku. Aliulizia wale wanunuzi wawili waliokuja Namtumbo msimu uliopita, mmoja akifanya kazi yake bila kushuka garini, mwingine akikaa kula ugali na wakulima. Bei yao ilikuwa moja. Kwa nini tumbaku nzuri ilikwenda kwa yule mla ugali?

Nilisema ni kwa sababu wakulima wa kule hawajafunguka macho. Akasema hilo ni jibu mojawapo.

"Yaani nimekusomesha mpaka chuo kikuu," nikamwambia, "ukajifunze kwa nini mama muuza dagaa huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo?"

"Ndiyo, baba."

Alilisema hilo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeeleweka hatimaye. Mimi niliona aibu. Nilifikiria wale watu wote niliowaambia biashara. Nikamwambia aandike barua ya kuomba kuhamia masomo ya biashara kabla chuo hakijafunguliwa, maana kiganja cha dagaa hakijawahi kumpa mtu ajira.

Hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini kuku wa mavuno huuzwa kwa bei ya mbuzi?

Hapa ni lazima nieleze. Kigangoni kwetu, Jumapili ya mavuno, kila mtu huleta alichojaliwa: mahindi, ulezi, boga, mkungu wa ndizi. Baada ya misa katekista huvinadi pale nje. Na kila mwaka bibi mmoja mjane kutoka Ruhuwiko alileta kuku wake wa mayai, ambaye kila mtu alijua kwamba hana mwingine. Katekista humwinua yule kuku, mtu mmoja hutaja bei, hulipa, humshika kidogo, kisha humrudisha "auzwe tena". Mwingine humnunua, naye humrudisha. Kuku huzunguka hivyo mkono kwa mkono hadi mifuko ya watu ichoke, na yule wa mwisho humpelekea bibi pale alipokaa, kama anayemwomba amshikie kwa muda. Bibi hurudi naye nyumbani. Amemtolea Mungu kuku, na kuku bado anataga. Hakuna aliyewahi kutufundisha utaratibu huo wala kuutaja kwa mdomo.

Nilimjibu binti yangu kwamba hiyo ni sadaka, si soko, na kwamba siku akitokea mtu mwenye akili, kuku yule atauzwa kwa bei ya kuku. Akasema kama ni hivyo, basi anachosoma ni upuuzi, na yuko tayari kukiacha. Nami nikaliokota neno hilo kama lilivyo. Tukapatana: nikionyesha Jumapili ijayo, ambayo ndiyo ya mavuno, kwamba bei ni bei, atahamia biashara. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alisema tu kwamba mtu anayeweka dau na mtoto wake hana budi kuomba ashindwe yeye mwenyewe.

Jumapili hiyo nilivaa koti. Katekista alipomwinua kuku, nilinyoosha mkono wa kwanza, nikataja bei ile ile ya kuku wa sokoni. Watu walinyamaza kwa heshima, maana anayeanza huanza chini. Nikalipa, nikapokea kuku, nikamweka kwapani, nikaketi.

Katekista alibaki na mikono yake wazi. Mtu akacheka nyuma, kisha akaacha. Nilitazama mbele kama mtu anayesikiliza mahubiri, na kuku naye akatazama mbele. Mwishowe katekista akauliza kwa upole mzee anasema nini.

"Nimenunua," nikasema.

Wakaendelea na maboga.

Nyumbani mke wangu alikataa kumchinja. Alisema kuku aliyefika mbele ya altare yeye hamwingizi sufuriani, na kama nina njaa kisu ninajua kilipo. Basi kuku akaanza kuishi dukani, juu ya gunia la chumvi, na sikumbuki kama alitaga hata yai moja. Siku ya pili binti yangu aliandika barua yake ya kuomba kuhama, kwa mwandiko mzuri, tukaenda sote posta. Mimi mwenyewe ndiye niliyelamba stempu. Njiani kurudi nilimnunulia soda, nikamwambia siku moja atanishukuru. Alisema asante kwa soda.

Hapo ndipo wateja walipoanza. Nilitegemea wangenisusa, na kwa hilo nilikuwa nimejiandaa, maana ningewaambia ni wivu. Hawakunisusa. Walikuja kama kawaida, wakaniamkia, wakaulizia hali ya kuku, kisha wakanunua kwa kunifuata neno kwa neno. Nikimpimia mtu sukari na kijiko kikazidi kidogo, aliniomba niipunguze. "Hapana, mzee, bei ni bei." Mama muuza maandazi alirudi kutoka nusu ya njia kunirudishia punje za chumvi zilizodondokea kwenye khanga yake. Kijana mmoja alinunua kiberiti, akafungua kisanduku mbele yangu, akasema anataka tu kuhakikisha sijajipunja. Na hakuna aliyeketi tena kwenye benchi langu. Walisema benchi halijaandikwa bei, wanaogopa.

Fundi cherehani ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alinishauri nimshoneshee kuku suruali, kwa kuwa sasa ni mfanyabiashara mwenzangu. Nikamwambia Mbena hana cha kumfundisha Mngoni kuhusu mifugo. Lakini siku moja aliacha kucheka, akazungusha gurudumu la mashine taratibu, akasema, "Mtani, huyo mtoto wako alikuwa anakuja kukaa hapa kutazama watu wakinunua. Siku hizi haji."

Nilikuwa nimeliona hilo. Zamani angekuja na kigoda chake, angewatazama wateja wakisalimiana na kupatana, na uso wake ungekuwa kama wa mtu anayesikiliza redio nzuri. Tangu ile barua, alishinda ndani akisoma kitabu cha mahesabu alichoazima kwa mwalimu.

Nilimchukua kuku, nikamtia kikapuni, nikatembea hadi Ruhuwiko. Bibi alikuwa uani akianika ulezi. Nilimwamkia, akaniitikia, akachungulia kikapuni, akauliza kuku amenikosea nini. Nikasema nimemrudisha. Akasema hawezi kuchukua kitu kilichokwisha kuuzwa. Fedha amekwisha kupewa Mungu, sasa nani ataziomba huko zirudi? Nikatia mkono mfukoni, nikamwambia basi aniruhusu nimwongezee kitu. Aliutazama ule mkono wangu mfukoni mpaka nikautoa.

"Mama, nilikosea," nikasema.

Ndipo akacheka, hadi akashika kiuno. Alisema siku ile kigangoni walinisubiri niinuke mpaka mikono ya katekista ikachoka. "Tulidhani unatafuta chenji, mwanangu."

Alimpokea kuku, akamwachia uani, na kuku akaenda moja kwa moja chini ya ghala kama mtu aliyetoka safari ya kawaida tu. Nilipoaga aliniambia haondoki mtu mikono mitupu kwake, akanijazia kikapu viazi vitamu, kisha akaongeza viwili juu. Nilitaka kumwambia kikapu kimejaa. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka nilinyamaza mahali pa kunyamaza.

Nilifika nyumbani nikamkuta binti yangu jikoni na mama yake. Nikamwambia nimefuta dau. Arudi kwenye somo lake la mila na masoko, na kama kuna barua nyingine ya kuandika, nitailamba stempu hiyo nayo. Akanitazama, kisha akatazama viazi. Akasema jibu la chuo lilikuwa limefika asubuhi ile. Wamemkubalia kuhamia biashara, na nafasi yake wameshampa mwingine.

Nikasema nitakwenda Dar es Salaam mwenyewe kuzungumza na wakubwa wa chuo.

"Tulipatana, baba," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema bei ni bei." Alilisema bila ukali, huku akinipokea kikapu, na ndiyo maana sikupata pa kushika nikasirike.

Akasoma biashara. Akafaulu vizuri sana, na leo ni mhasibu katika mji wa mbali, na nyumba hii ninamoandikia, bati lake alilinunua yeye. Hajawahi kunilaumu hata kwa utani. Watu hunipongeza kwa kumwelekeza vizuri, nami huwa ninatafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Yale maneno ya ukutani niliyapaka chokaa wiki ile ile, lakini rangi nyekundu ni kaidi. Kila masika yalijitokeza tena kidogo kidogo, na fundi cherehani hakukosa kuyasoma kwa sauti.

Bibi wa Ruhuwiko alikwisha kufariki. Siku hizi yuko mwingine anayeleta kuku, maana mjane hakosekani kigangoni, na huwa ninamnunua wa kwanza ili nimrudishe wa kwanza. Wazee wenzangu hupiga makofi zaidi ya kiasi.

Mwaka jana binti yangu alikuja likizo wakati wa mavuno. Alinunua kuku baada yangu, akamshika kidogo, akamrudisha. Kuku alizunguka sana siku ile. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, nilimuuliza lile swali lake la zamani, kwa kuwa nami nimezeeka bila jibu. Nikamwambia, mama, hebu nieleze sasa, kwa nini kuku yule ameuzwa bei ya mbuzi?

Alihamishia mkoba wake bega la pili.

"Mimi mtu wa mahesabu, baba," akasema. "Jumla ninaijua. Sababu sikwenda kuisomea."

Alisema huku akicheka. Lori lilikuwa linakuja, akanishika mkono, tukavuka barabara.