Mzabibu wa Bwana Shamba

Juzi, nikiwa Dodoma, nilimwona mkulima akikata mizabibu yake hadi vikabaki visiki. Nikakumbuka moshi wa pamba.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu kule Nkololo, Usukumani, alikuwa bwana shamba, Mgogo aliyehamishiwa kwetu kikazi. Uani kwake alikuwa na mzabibu mmoja, aliouotesha kwa pingili kutoka shamba la marehemu baba yake. Alitaka kutengeneza mvinyo kama wa mzee huyo. Siku moja aliukata matawi yote, kisha akaacha kuumwagilia.

“Ukiudekeza kwa maji,” aliniambia, “zabibu zinakosa ladha, na mvinyo unakosa nguvu.”

Nilidhani ameuchoka tu. Bibi yangu aliona umekufa. Kwetu pamba ikishavunwa, miti yake hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Alasiri moja tulipokuwa tukichoma ya kwetu, bibi alikwenda akaking'oa kisiki kile, akakitupa motoni. Kilitoa povu kwenye ncha, nikashangaa kitu kikavu kutoa maji.

Bwana shamba aliporudi, bibi akamtania, “Wewe Mgogo mvivu! Nimekusafishia uwanja.”

Hakucheka. Alichutama kando ya moto.

“Mayu,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, “mzabibu ulikuwa hai.”

Bibi akamgeukia. “Sasa kama uliupenda, ng'wanawane, mwanangu, mbona uliukata ukaunyima maji?”

Macho ya bwana shamba yalilowa, nami nikaulaumu moshi. Jibu alikuwa nalo. Mimi nimelielewa chuoni: mzabibu hukatwa na kunyimwa maji ili upumzike, kisha uchipue na kuzaa vizuri zaidi. Hakulitoa. Aliinuka, akaanza kumsaidia bibi kukusanya miti ya pamba iliyobaki.