Sabuni Iliyokula Picha Zangu

Nilitaka baraza. Hilo tu: baraza la duka la tajiri mmoja pale Kasongo, niweke studio yangu. Uani kwa mama hakuna picha iliyotoka bila kuku ndani yake, na wateja walikuwa wameanza kuninunia.

Nilikuwa na kamera ya vioo, ile inayonasa sura kwenye kioo, na majivuno ya machifu watatu. Karatasi ya picha haikupatikana, vita vya Wazungu vilikuwa vimeimaliza. Lakini nilikuwa nimewahi kunakili ramani kwenye machimbo ya Salamabila, na nilijua ile dawa ya buluu: unaipaka, unalaza mchoro juu yake, unaanika juani chini ya kioo, unasuuza kwa maji, nakala inabaki. Nikaipaka kwenye kitambaa cheupe, nikakianika chini ya kioo chenye picha ya tajiri. Sura ya tajiri ikatoka buluu, kofia na ndevu, nzuri kuliko mwenyewe.

Nikamshawishi kwamba kila anayenunua sabuni apewe leso yenye sura ya mwenye duka. Leso zikifika Nyangwe na Wamaza, duka litajulikana kote. Akakubali, na akaahidi kwamba sabuni ikiuzika, baraza ni langu.

Wanawake walizipenda, wakazifunga kichwani. Zikachafuka, wakazifua. Kwa sabuni gani tena? Ile ile. Na mimi, fundi mkubwa, sikujua kwamba sabuni ya mawese na soda kali huila buluu ile. Zangu nilikuwa nikizisuuza kwa maji matupu, taratibu, kama ninaogesha mtoto mchanga.

Siku ya soko walirudi na leso zenye madoa ya manjano. Nilijificha nyuma ya magunia ya chumvi. Mmoja wao akamwambia tajiri, “Muzee, hii sabuni iko na nguvu. Imekuondoa hata wewe mwenyewe.”

Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakanunua sabuni yote iliyokuwa dukani.

Tajiri akaniita. Nilijua nimekwisha.

“Baraza iko yako,” akasema. “Lakini kila siku ya soko utafula sura moja mbele ya watu. Na isikuwe sura yangu tena. Tia yako.”

Basi nikawa mpiga picha mwenye baraza, ninayejichapa kwenye leso asubuhi na kujifua mchana. Nilipofutika kabisa, watu walipiga makofi, na mimi, mjinga, niliinama kushukuru. Baadaye hata kioo chenye sura yangu kilivunjika pale sokoni.

Sasa wajukuu huniomba picha ya ujana wangu. Sina hata moja. Zote nilizifua mwenyewe, na nikashangiliwa.